John Walter Gregory: Aliyelipa Bonde la Ufa jina, barafu iliyobeba lake ikayeyuka

ANAYESIMAMA katika mtaa wa Rhonda, Nakuru, asubuhi ambayo anga imetakata, huwa amezungukwa na historia ya ardhi ambayo hahitaji kuitafuta vitabuni. Kaskazini imeinuka kasoko ya Menengai, volkano iliyobomoka zamani za kale. Magharibi umetanda ukuta wa Mau, unakotoka mto Njoro. Kusini, nyuma ya ua wa hifadhi ya wanyama, yametandaa maji ya Ziwa Nakuru, ambayo tangu mwaka 2010 yamekuwa yakisogea kuelekea makazi ya watu pasipo kubisha hodi.

Maelfu ya wapangaji wanaoishi katika nyumba zilizobanana za Rhonda huenda hawajawahi kulisikia jina la John Walter Gregory. Hata hivyo, ndiye aliyelieleza bonde wanamoishi kwa namna ambayo ulimwengu uliikubali, na ndiye aliyelipa jina linalotumika hadi leo katika vitabu vya shule. Sehemu ya bonde hilo inayopita Kenya, wanajiolojia wa mataifa yote huiita Ufa wa Gregory.

Lakini kuna upande mwingine wa maisha ya msomi huyo ambao umesahaulika zaidi, na ambao una uzito mkubwa katika karne hii. Gregory alikuwa mwanafunzi wa barafu. Aliisoma barafu ya Mlima Kenya, karibu kabisa na mstari wa ikweta, kisha akaisoma ile ya visiwa vya Aktiki, na nusura aongoze wanasayansi wa Uingereza kwenda Antaktika. Barafu aliyoiona mahali pale pawili sasa inatoweka, na mto wa barafu uliopewa jina lake haupo tena.

Karani wa sufu

Gregory alizaliwa Januari 27, 1864 katika eneo la Bow, mashariki mwa jiji la London. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa sufu, na ilitarajiwa kwamba mwana angefuata nyayo. Akiwa na umri wa miaka 15 aliaga shule, akaanza kazi ya ukarani katika biashara hiyo hiyo ya sufu.

Mchana alishughulika na hesabu za marobota. Jioni alishika njia ya kwenda Birkbeck, taasisi iliyokuwa ikiwafundisha watu wa kazi baada ya saa za ajira. Huko ndiko alikoonja jiolojia, elimu ya miamba na umri wa dunia, na hakuiacha tena. Mwaka 1887 aliajiriwa msaidizi katika idara ya jiolojia ya makumbusho ya viumbe na mali asili ya London. Mwaka 1891 alihitimu shahada ya kwanza ya Chuo Kikuu cha London kwa daraja la juu, na miaka miwili baadaye akapata udaktari wa sayansi.

Kazi ya makumbusho ilikuwa ya kupanga na kueleza visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe. Ilikuwa kazi ya heshima, ila Gregory hakuwa mtu wa kutulia kitako. Alitaka kuiona miamba pale ilipozaliwa.

Msafara uliovunjika

Mwishoni mwa mwaka 1892 alipata ruhusa ya kuondoka kazini na kujiunga na msafara mkubwa wa Waingereza uliokusudia kupenya kutoka pwani ya kaskazini ya Kenya hadi Ziwa Rudolf, ambalo leo linaitwa Turkana. Msafara huo ulivunjika kabla ya kufika popote. Homa, ukame wa nyika na mipango mibovu viliumaliza, na Gregory mwenyewe akadhoofika kwa maradhi.

Wengi wangepanda meli na kurejea makwao. Yeye alishuka hadi Mombasa, akakusanya watu wapatao 40 kuwa wapagazi na walinzi, na Machi 1893 akaondoka upya kwa miguu. Safari hiyo ya pili ilikuwa ndogo, isiyo na fedha nyingi, na iliongozwa na mtu mmoja mwenye umri wa miaka 29 aliyekuwa bado na homa mwilini. Ndiyo iliyolifanya jina lake lidumu.

Haifai kusahau kwamba safari hiyo isingefika hata Taita bila ya wapagazi hao. Wengi walikuwa watu wa pwani na Zanzibari, mabingwa wa misafara waliozijua njia, visima na lugha za bara kuliko mzungu yeyote. Wao ndio waliobeba vyakula, mahema, vyombo vya kupimia na mawe ambayo Gregory hakukoma kuyaokota. Ramani zilizochorwa baadaye zilijaa majina ya wasomi wa Ulaya. Ya wapagazi hayakupewa nafasi.

Msafara ulipita nchi ya Wakamba na ya Wakikuyu, ukateremka ukuta wa bonde, ukapita eneo la Naivasha na kuendelea kaskazini hadi Ziwa Baringo. Wakati huo hapakuwa na mji wa Nakuru. Reli ilikuwa bado miaka kadhaa mbele, na uwanda ule ulikuwa malisho ya Wamaasai.

Siri ya bonde

Gregory hakuwa mgeni wa kwanza kupita bondeni. Mskoti Joseph Thomson na Mjerumani Gustav Fischer walikuwa wamefika mwaka 1883, na Samuel Teleki wa Hungaria akafuata miaka michache baadaye. Mwaka 1891 Eduard Suess, mwanajiolojia mashuhuri wa Vienna ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, alizichambua habari za wasafiri na kudai kwamba mabonde haya yalikuwa sehemu ya mpasuko mmoja mrefu wa ardhi unaoanzia nchi za Mashariki ya Kati.

Lililokosekana lilikuwa ushahidi wa mtu aliyeigusa miamba yenyewe. Gregory aliutafuta katika miteremko ya Baringo na vilima vya Kamasia, vinavyojulikana leo kama milima ya Tugen. Alipanda ngazi za bonde moja baada ya nyingine, akilinganisha matabaka ya mawe ya upande huu na ya upande ule. Aligundua kwamba matabaka yaliyoko juu ya ukuta yanapatikana tena chini, yakiwa yameshuka mamia ya mita lakini katika mpangilio ule ule.

Maana yake ilikuwa bayana. Bonde halikuchimbwa na mto, kwa kuwa mto hula matabaka na kuyapeleka baharini. Ardhi ilipasuka katika nyufa mbili zinazokwenda sambamba, na kipande cha katikati kikazama. Kwa bonde la aina hiyo Gregory alitumia jina la bonde la ufa, na mwaka 1896 akachapisha kitabu chake, The Great Rift Valley, kilichoipeleka istilahi hiyo kote duniani.

Elimu hiyo si ya makabati. Nyufa hizo hizo ndizo zinazopitisha joto la chini ya ardhi linalozalisha umeme wa mvuke huko Olkaria, karibu na Naivasha, na ambalo limechimbiwa visima Menengai, juu ya mji wa Nakuru. Kwa sasa mvuke huo hutoa zaidi ya thuluthi moja ya umeme wa Kenya, pasipo kuchoma makaa wala mafuta. Miamba hiyo hiyo ya volkano ndiyo inayotia floridi nyingi katika maji ya visima vya Nakuru, na kuyatia meno ya wakazi wengi rangi ya kahawia.

Barafu penye ikweta

Kutoka Baringo, Gregory aligeukia mashariki, akavuka uwanda wa Laikipia na kuukabili Mlima Kenya. Ulaya ilikuwa imechukua muda mrefu kuamini kwamba mlima huo ulikuwa na barafu. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipotangaza kuwa aliiona mwaka 1849, wapo wasomi waliomdhihaki, wakisema theluji haiwezi kukaa kwenye jua la ikweta. Wakikuyu, Wameru na Waembu hawakuhitaji uthibitisho huo. Kwao kilele kile cheupe kilikuwa kiti cha Mwenyezi Mungu tangu enzi za mababu.

Gregory alipita ukanda wa msitu na wa mianzi, akatoka katika nyasi za juu, na kupanda hadi karibu mita 5,000. Wapagazi waliozoea joto la mwambao waliteseka kwa baridi, na ni wachache mno walioweza kumfuata huko juu. Akiwa na mwenzake mmoja alitumia saa kadhaa juu ya mto wa barafu alioupa jina la Lewis, kwa kumuenzi Henry Carvill Lewis, Mmarekani aliyebobea katika elimu ya barafu.

Ifahamike kwamba mto wa barafu si theluji ya usiku mmoja. Ni theluji iliyolundikana kwa miaka mingi, ikajikandamiza yenyewe mpaka ikawa barafu nzito, kisha ikaanza kuteremka taratibu kwa uzito wake. Ikiteremka husukuma mawe, huyakwaruza, na kuyaacha katika matuta inapoishia. Anayeyatambua matuta hayo anaweza kujua barafu ilifika wapi hata baada ya kutoweka.

Gregory aliyatambua. Aliyakuta mbali sana chini ya barafu aliyoiona, kwenye mabonde yaliyokwisha kumea nyasi na miti. Leo inajulikana kwamba zamani barafu ya mlima huo ilishuka hadi kimo cha takriban mita 3,200. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1894 alieleza kwamba hali ya hewa ya Afrika Mashariki imewahi kuwa tofauti kabisa na ya siku zake. Vilevile alitambua kwamba maziwa ya Bonde la Ufa yaliwahi kuwa makubwa kuliko alivyoyakuta. Watafiti waliomfuata walithibitisha kwamba yapata miaka 10,000 iliyopita, Ziwa Nakuru na Elmenteita yalikuwa ziwa moja lenye kina kirefu, na sehemu kubwa ya mji wa leo ilikuwa chini ya maji.

Mwaka 1899 Halford Mackinder aliufikia mlima huo akiwa na waongozaji wawili wa milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel, na Septemba 13 watatu hao wakawa wa kwanza wanaojulikana kufika kilele cha Batian. Mto mmoja wa barafu, uliokuwa umeungana na ule wa Lewis, ulipewa jina la Gregory.

Kaskazini na kusini ya dunia

Miaka mitatu baada ya kurudi kutoka Afrika, yaani 1896, Gregory alisafiri na Martin Conway kwenda Spitsbergen, kisiwa kikubwa zaidi cha Svalbard katika Bahari ya Aktiki. Msafara huo ndio wa kwanza kukivuka kisiwa hicho kwa nchi kavu. Gregory na mwenzake Edmund Garwood walichunguza jinsi barafu inavyotembea, inavyobeba udongo na inavyochonga miamba, na wakachapisha matokeo yao mwaka 1898. Ni wachache mno wakati huo waliokuwa wamekanyaga barafu ya ikweta na ya Aktiki kwa miguu ile ile.

Kwa sababu hiyo haikushangaza alipoteuliwa kuwa mkuu wa wanasayansi katika msafara wa kitaifa wa Uingereza wa kwenda Antaktika kwa meli ya Discovery. Wakati huo, mwaka 1900, alikuwa amehamia Australia kuwa profesa wa jiolojia katika Chuo Kikuu cha Melbourne.

Hapo ndipo ulipozuka mvutano uliobadilisha maisha yake. Gregory alishika msimamo kwamba safari ya utafiti yapasa iongozwe na mtafiti, hasa pale kundi litakapoteremka nchi kavu. Clements Markham, rais wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia, alitaka amri yote iwe mikononi mwa afisa wa jeshi la majini, Robert Falcon Scott. Wasomi waligawanyika, na upande wa wanamaji ukashinda. Mei 1901 Gregory alijiuzulu. Discovery iling'oa nanga Agosti mwaka huo bila yeye.

Scott alipata umaarufu, na miaka kumi na moja baadaye akafa kwa njaa na baridi akirudi kutoka Ncha ya Kusini katika msafara mwingine. Gregory hakuiona Antaktika maishani mwake. Badala yake aliongoza wanafunzi wake hadi jangwa la Ziwa Eyre katikati ya Australia, akaandika kitabu kuhusu nchi hiyo kavu, na mwaka 1904 akaenda Scotland kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Alifundisha huko kwa miaka 25.

Je, dunia inakauka?

Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na hofu iliyoenea miongoni mwa wanajiografia kwamba dunia nzima ilikuwa ikikauka. Magofu ya miji ya kale majangwani na maziwa yaliyopungua yalichukuliwa kuwa dalili. Mwaka 1914 Gregory aliandika makala ndefu juu ya suala hilo. Hakukana kwamba tabianchi hubadilika, kwa maana yeye mwenyewe alikuwa ameona ushahidi wake mlimani. Alichokataa ni kuchukua ukame wa eneo moja na kuufanya kuwa hali ya ulimwengu mzima. Alipopima habari za mabara mbalimbali, alikuta kwamba sehemu fulani zilipungukiwa na mvua ilhali nyingine zilizidishiwa.

Kipimo hicho ndicho kinachoyapa uzito matokeo ya siku hizi. Leo si ziwa moja wala mlima mmoja unaotolewa ushahidi. Vipimajoto vya nchi kavu, vya baharini na vya angani vinakubaliana kwamba dunia imepata joto, na mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza kupindukia nyuzi 1.5 juu ya wastani wa kabla ya enzi ya viwanda. Gesi ya kaboni katika hewa, ambayo kabla ya viwanda ilikuwa takriban sehemu 280 kwa milioni, sasa imepita 420. Kwamba gesi hiyo huzuia joto lisitoke lilithibitishwa maabarani mwaka 1859 na John Tyndall, mwanafizikia wa Ireland. Mmoja wa mito ya barafu ya Mlima Kenya unaitwa Tyndall, nao unayeyuka pamoja na mingine.

Kwenye ncha za dunia mambo ni mazito zaidi. Tangu mwaka 1979 eneo la Aktiki limepata joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia. Sababu moja ni kwamba barafu nyeupe hurudisha mwanga wa jua angani. Inapoondoka hubaki bahari nyeusi inayomeza joto, na joto hilo huyeyusha barafu zaidi. Septemba 2012 barafu ya Bahari ya Aktiki ilipungua hadi takriban kilomita za mraba milioni 3.4, kiasi kidogo kuliko chote kilichowahi kupimwa na setilaiti. Svalbard, alikotembea Gregory, ni miongoni mwa mahali panapopata joto kwa kasi kubwa kabisa, na katika kiangazi cha mwaka 2024 barafu yake iliyeyuka kwa kiwango kilichovunja rekodi. Huko Antaktika, Februari 2023 barafu ya bahari ilifikia kiwango cha chini kabisa tangu vipimo vya setilaiti vianze.

Barafu ya nchi kavu ya Greenland na Antaktika inapoyeyuka, maji yake huishia baharini. Tangu mwaka 1993 usawa wa bahari duniani umepanda kwa takriban sentimita 10. Kwa hiyo jambo linalotendeka kwenye giza la ncha za dunia hufika Lamu, Mombasa na Unguja, mwambao ule ule walikotoka wapagazi wa Gregory.

Jina lililobaki bila mlima wake

Mlima Kenya nao haukusalimika. Mwishoni mwa karne ya 19 ulihesabiwa kuwa na mito 18 ya barafu. Kufikia mwaka 1986 ilikuwa imebaki 11. Mto wa Lewis, ambao Gregory aliutembelea, umepimwa kwa muda mrefu kuliko mwingine wowote wa nchi za joto barani Afrika. Kati ya mwaka 1934 na 2010 ulipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Baina ya mwaka 2004 na 2016 eneo la barafu ya mlima mzima lilipungua kwa asilimia 44, na mwamba ukachomoza katikati ya Lewis na kuukata vipande viwili. Watafiti waliofanya hesabu hiyo walikadiria kwamba kasi ikiendelea hivyo, barafu yote itakuwa imekwisha kabla ya mwaka 2030.

Mto wa Gregory ulitengana na wa Lewis katika miaka ya 1970, ukaendelea kusinyaa, na kufikia mwaka 2016 haukuwepo tena. Ramani za zamani bado zina jina lake. Mpandaji anayelifuata hukuta mwamba mtupu, kokoto na maji.

Ukweli unataka isemwe kwamba kupungua huko hakukuanza kwa joto peke yake. Wataalamu wanaeleza kuwa miaka ya 1880 hewa ya Afrika Mashariki iligeuka kavu zaidi, mawingu na mvua vikapungua, na barafu ikaanza kurudi nyuma kwa kukosa theluji mpya. Ongezeko la joto lilikuja baadaye na kuikamilisha kazi. Aidha, mito kama Tana na Ewaso Ng'iro hutegemea zaidi mvua na misitu ya mlima kuliko barafu. Mkulima wa Nyeri au Laikipia hatakosa maji kwa kuwa Lewis umekwisha. Atayakosa mvua zikipotea njia na msitu ukifyekwa.

Katika Bonde la Ufa mabadiliko yamechukua sura nyingine. Ziwa Nakuru, ambalo katika miaka ya 1990 lilikaribia kukauka kabisa, lilitanuka kutoka takriban kilomita za mraba 40 mwaka 2010 hadi karibu 68 mwaka 2020. Lango kuu la hifadhi lilizama, flamingo wengi walihamia Bogoria, na familia katika maeneo ya Mwariki na Barut, jirani na Rhonda, zilipoteza nyumba na mashamba. Watafiti wengi wanaitaja mvua iliyozidi tangu mwaka 2010 kuwa chanzo kikuu, ikisaidiwa na kufyekwa kwa misitu ya Mau ambayo zamani iliyashika maji na udongo. Kwa kuwa ziwa halina mto unaotoka, maji yanayoingia hayana pa kwenda ila kupanda. Hilo nalo ni tunda la ufa: kipande cha ardhi kilichozama, kikawa bakuli.

Kenya inachangia chini ya asilimia 0.1 ya gesi zinazopasha dunia joto. Mpangaji wa Rhonda anayekwenda kazini kwa miguu hana sehemu katika deni hilo, ila mvua inaponyesha kwa fujo ni yeye anayetoa godoro nje.

Doa katika sifa

Sifa za Gregory zina doa lisilofaa kufunikwa. Alikuwa mtu wa himaya, na aliandika pia kitabu cha kueleza jinsi utawala wa Uingereza ulivyoanzishwa Afrika Mashariki. Mwaka 1925 alichapisha kitabu kingine kuhusu uhusiano wa watu wa rangi mbalimbali, ambamo alitetea kuwatenganisha. Mtu aliyekuwa makini kiasi cha kutokubali ushahidi wa eneo moja kuhusu mvua alizikubali dhana za wakati wake kuhusu binadamu, licha ya kwamba alitembea miezi mitano akiwa mikononi mwa Waafrika walioweza kumwacha njiani na hawakumwacha.

Alirudi Kenya mwaka 1919, na mwaka 1921 akatoa kitabu kikubwa cha kitaalamu juu ya mabonde ya ufa na jiolojia ya Afrika Mashariki. Nakuru ilikuwa sasa mji wa reli na wa walowezi, na Wamaasai aliowakuta mwaka 1893 walikuwa wamekwisha kuhamishwa. Mwaka 1922 alisafiri na mwanawe hadi milima ya magharibi ya China. Kati ya mwaka 1928 na 1930 alikuwa rais wa Jumuiya ya Jiolojia ya London, na mwaka 1929 alistaafu ualimu.

Kustaafu hakukumtuliza. Mwaka 1932, akiwa na miaka 68, alikwenda Peru kuchunguza milima ya Andes. Juni 2 mtumbwi wao ulipinduka katika maji ya kasi ya mto Urubamba, naye akafa maji. Mto huo hulishwa kwa sehemu na barafu ya Andes, na Peru nayo imepoteza zaidi ya nusu ya barafu yake tangu miaka ya 1960.

Gregory hakuacha kinga dhidi ya joto wala mafuriko. Alichoacha ni kumbukumbu: barafu ilikuwa hapa, ilifika pale, mwaka fulani. Bila ya maandishi ya watu kama yeye hakuna ambaye angeweza kusema leo ni kiasi gani kimepotea. Kazi hiyo haijakoma. Katika ukingo wa Ziwa Nakuru zipo nguzo za kupimia kina, na wapo Wakenya ambao kazi yao ni kusoma tarakimu na kuziandika daftarini, siku baada ya siku. Miaka 100 ijayo, atakayetaka kujua maji yalifika wapi Rhonda ilipokuwa mtaa wa watu, ataanzia kwenye daftari hilo.